Uzi wa Kiuno cha Mjomba

6 Januari

Kwako mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, wewe na baba mtoto na huyo mjukuu wangu Kibogoyo. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ila mkanda wake unakatika kila wiki kwa makusudi. Bi Kimya anakusalimu, yaani angekusalimu kama angekuwa na kichwa. Bado amesimama pale mlangoni mwa duka, sanamu yuleyule uliyekuwa ukimvalisha kofia shingoni ulipokuwa mdogo. Wiki hii amevaa gauni la kijani na limemkaa vizuri kuliko mwenyewe aliyelishonesha.

Najua unanuna kwamba sipigi simu. Simu yangu nimeishonea ndani ya koti la mteja. Niliiweka juu ya kitambaa, nikafunika bitana, nikapiga mshono, mteja kaondoka nalo. Nasikia lilianza kulia katikati ya mkutano kazini kwake, akajipigapiga kifuani kama anayezima moto. Sijaenda kuidai, maana nilimwambia koti bora ni lile zito.

Sasa habari. Wauguzi walikuja hapa sokoni, wakaweka meza mbele ya kibanda cha Mama Vifungo, jirani yangu muuza vifungo na zipu. Wanatoboa watu vidole bure. Mimi vidole vyangu vimechomwa na sindano miaka thelathini hakuna aliyenipa hata cheti, nikaona niende. Nesi akatazama kimashine chake, akasema, "Baba, sukari yako iko mpakani."

Nikamjibu, "Binti, mbona sijaagiza sukari?"

Watu wakacheka, hata Mama Vifungo ambaye hacheki ovyo. Nesi akanipa karatasi ya maelezo. Karatasi nzuri, ngumu. Nimekatia kola.

Kwa hiyo niko salama. Nimekunywa soda ya kujipongeza.

Mjomba wako,
Fundi


19 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Kibogoyo ana miezi minane sasa na hajaota hata jino moja, anacheka kama mzee aliyesikia siri ya jirani. Baba yake yuko kazini kwenye uchomeleaji, jana kachomelea geti likiwa limefungwa na yeye yuko ndani.

Mjomba, nimeisoma barua yako, nikaisoma tena, halafu nikakaa kitako. Mpakani si pa kuchekea. Nimemuuliza nesi wa mizani hapa kliniki, nilikuwa pale kwa shughuli zangu tu. Kasema maana yake sukari kwenye damu imepanda kuliko kawaida, ila haijafika kuitwa kisukari. Yaani umesimama pale kwenye mstari, mguu mmoja umeuinua. Ukiuweka mbele, umeingia. Ukiurudisha nyuma, unaweza ukaepukana na balaa lote. Nilimuuliza mara tatu, "Kweli mtu anarudi?" Akasema wengi wanarudi, wakianza mapema.

Hajatoa dawa. Kasema soda uache. Sukari ya chai uipunguze mpaka uisahau. Sahani yako nusu iwe mboga za majani, wali ukae pembeni kama mgeni. Utembee nusu saa, siku nyingi za wiki, mwendo wa mtu aliyechelewa, lakini uwe bado unaweza kuongea. Na tumbo lipungue, hata kidogo. Kidogo kinasaidia, kasema.

Sasa Mjomba, hesabu zako mimi siziamini. Ni wewe uliyeniambia miaka yote kwamba chai yako ina kijiko kimoja, kumbe kijiko chenyewe ni cha kupakulia. Kwa hiyo usiniandikie namba. Kila mwezi zungusha uzi kiunoni, hapo kitovuni, ukiwa umetoa pumzi, ukate unapokutana, uutie kwenye bahasha. Uzi hauna mdomo wa kudanganya.

Habari za mama sizitaji. Unazijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenilea baada yake na mimi sina fundi mwingine.

Mwanao,
Chiriku


9 Februari

Kwako Chiriku,

Salamu. Mvua inanyesha, bati la duka linavuja juu ya Bi Kimya, nimemfungulia mwavuli. Wateja wanapita wanasema Fundi kaoa.

Barua yako nimeipata. Mwambie nesi wako yafuatayo. Mimi cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nakanyaga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nimepiga hesabu: kama cherehani hii ingekuwa na magurudumu, saa hizi ningekuwa nimeshafika kwako, nimekunywa chai, nimerudi na nimekuja tena. Kutembea gani tena huko?

Soda nimeacha. Ninayokunywa sasa ni ile ndogo.

Uzi wako huu hapa, mweupe, namba arobaini, usije ukasema mimi ni mzee mbishi. Utaona mwenyewe kwamba watu wanaonisema mnene wana kijicho.

Halafu, hizo shughuli zako za kliniki ni zipi? Mtoto anaumwa?

Mjomba wako,
Fundi


24 Februari

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na hongera!

Uzi nimeupata. Niliunyoosha mezani nikafikiri umekatikia njiani. Nikauzungusha kiunoni kwangu mimi, haukufika! Mjomba, umekuwa mwembamba kuliko mimi! Nimelia pale pale jikoni, Kibogoyo akaniona akalia na yeye, jirani akaja mbio akidhani kuna msiba, nikamwonyesha uzi, akaondoka.

Baba Kibogoyo kasema huo si uzi wa kiuno cha Mjomba, huo ni uzi wa kiuno cha nyigu. Nikamwambia aache dharau, watu wanabadilika. Mara ya mwisho kukuona ni Kibogoyo alipozaliwa, na kiti chetu kilikuwa bado na miguu minne.

Nesi nimemfikishia hoja yako ya cherehani. Alicheka mpaka akaegemea mizani, mizani ikamwandika. Kasema kukanyaga kote huko kunatembeza vifundo vya miguu tu. Kasema, "Mwambie vifundo vyake vitaishi miaka mia, huyo aliyekaa juu yavyo hatujamwahidi kitu." Kwa hiyo toka dukani, utembee.

Na soda ndogo ni soda.

Kibogoyo haumwi. Anakula uji anautema kwa heshima. Sina mengi.

Mwanao mwenye furaha,
Chiriku


15 Machi

Kwako Chiriku,

Salamu kwenu. Uzi wa pili huu hapa. Utaona nimeshikilia palepale, na kushikilia ndiyo kazi.

Natembea sana. Juzi nimetembea mpaka kwa muuza maandazi kumwambia kwamba siji tena. Nilikaa kidogo kumweleza sababu, akanielewa polepole, tukachelewa.

Nimemwonyesha Mama Vifungo barua yako ya pongezi. Akaisoma, akauliza, "Uzi upi?" Nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Ana tabia ya kuuliza. Kwa kuwa anapita posta kila asubuhi, barua hii nampa yeye akaitie.

Hujajibu swali langu la kliniki. Nimeona.

Mjomba wako,
Fundi

*(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu:)* Binti, usilie jikoni bure. Muulize Bi Kimya anakula nini. Ni mimi, jirani wa vifungo.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Leo nakuamkia kwa sababu nimefundishwa adabu, na aliyenifundisha ni wewe, ndiyo maana inauma.

Nimezitandika nyuzi zako mbili mezani sambamba. Zinalingana. Hazikupishana hata unene wa kucha. Mtu aliye hai hawezi kuwa na kiuno kimoja miezi miwili, hata akilala. Halafu nikageuza bahasha.

Bi Kimya! Mjomba, umempima sanamu! Asiye na kichwa, asiye na mdomo, hajawahi kuonja hata andazi! Na mimi nimezunguka mtaa mzima na uzi wake kiganjani, nikiwaambia watu, "Mjomba wangu ameokoka." Baba Kibogoyo anapita tu mbele yangu akitoa mlio wa nyigu.

Sasa na mimi niseme, maana na mimi nina uzi wangu niliouficha.

Nilipokuwa na mimba ya Kibogoyo, sukari yangu ilipanda. Ile ya wajawazito. Sikukuambia, nilijua utamkumbuka mama na hutashona wiki nzima. Alipozaliwa ikashuka, lakini nesi alisema aliyepandisha wakati wa mimba ana hatari ya kupata kisukari baadaye kuliko wengine, tena mimi mama yangu alikuwa nacho. Akaniambia nirudi kupimwa baada ya miezi michache. Mjomba, nimefika pale mlangoni mara tatu. Mara tatu nimejifanya nimekuja kumpima mtoto uzito. Ndizo shughuli zangu.

Ulipoandika kwamba uko mpakani, nikaona afadhali nikusukume wewe mbele, mimi nijifiche nyuma ya mgongo wako, maana ni mpana. Ukipita salama, nami nitajua njia inapitika. Kumbe nyuma yako nilikuwa nimejifichia sanamu.

Uzi huu mwekundu ni wangu, wa kweli, nimetoa pumzi. Usimwonyeshe mtu. Sitaki Kibogoyo alelewe na mjomba kama nilivyolelewa mimi, hata kama mjomba mwenyewe ni mzuri kama wewe. Na wewe sitaki akukute picha ukutani.

Mwanao,
Chiriku


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba sasa, hakuna barua. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama unaumwa, mwambie Mama Vifungo aandike, ana kalamu nyekundu.

Kibogoyo anatambaa. Anatambaa kinyumenyume, anafika asikotaka halafu analalamika.

Chiriku


11 Juni

Kwako mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Siumwi, sijakasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kwenye kitambaa mimi huanzia kwenye kona, lakini jambo hili halina kona.

Chini ya cherehani yangu kuna kiatu kimoja cha mama yako. Cha kushoto, kipya, hakijawahi kukanyaga chini. Kile cha kulia, alichokijaribu kwanza, ndicho kilichomchubua kidogo kidoleni, akasema kidonda gani hiki, chawa anauma zaidi. Baadaye mguu wa kulia ulipokatwa, kidonda kikaja na upande wa pili, nao ukakatwa, hakuvaa tena viatu. Akanipa kile cha kushoto akasema, "Kaka, nitunzie, huwezi jua, mguu unaweza ukaota." Tukacheka sana. Wewe ulikuwa mdogo umekaa juu ya meza ya kukatia, ukacheka na wewe kwa kuwa tunacheka.

Alikuwa anatania kila kitu, dada yangu. Na mimi niliposikia mpakani, nikatania. Ndiyo njia ya kwetu. Uzi wako mwekundu ulipofika nilitaka kutania pia, kalamu ikakataa.

Bi Kimya nimemgeuzia ukutani. Ameshiriki udanganyifu.

Uzi wangu wa kweli huu hapa. Nimeuviringisha kwenye kipande cha boksi kwa sababu ni mrefu. Mtu wa posta aliuliza kama natuma kamba ya kishada. Mwezi huu ni wa pili wa kutembea. Uzi wa mwezi wa kwanza ulikuwa mrefu zaidi, niliona aibu nikafungia kifurushi cha mteja, ukatosha.

Natembea na Mama Vifungo asubuhi kabla ya kufungua, tunalizunguka soko, tunapita nyuma ya karakana za maseremala, tunarudi. Nesi wako alisema niweze kuongea nikitembea. Kuweza naweza, nafasi sipati. Yeye yuko mbele anaongea, mimi nazungumza na mgongo wake. Soda nimeacha, hata ile ndogo. Chai ya bila sukari siku ya kwanza niliona kama nakunywa maji ya kulowekea kitambaa. Sasa nimeizoea, na mtu akiniwekea kijiko kimoja nashtuka kama nimetukanwa.

Suruali yangu ya kijivu unaikumbuka. Nimeiongeza kiuno mara tatu kwa nyuma, kwa vipande vya masalia: kwanza cheusi, kisha cha mistari, kisha cha maua. Nikigeuka naonekana kama bendera ya nchi isiyojulikana. Nimeapa nitaipunguza kwa mpangilio uleule, kinyumenyume, kama anavyotambaa Kibogoyo.

Sasa sikiliza. Nenda ukapimwe. Mimi naenda kupimwa tena tarehe 17 Septemba, nesi wa huku ameniandikia. Sitaki upite nyuma yangu. Pita pembeni yangu, pananitosha na pengine patakutosha na wewe.

Mjomba wako,
Fundi


30 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Uzi wako umefika, na wa mwezi huu pia, na huu ni mfupi kwa vidole viwili! Nimepima mara nne. Baba Kibogoyo naye kapima, kaacha mlio wa nyigu, sasa anakuita Bwana Vidole Viwili. Ule mrefu Kibogoyo aliuviringisha mwilini akawa kama kifurushi, tukamfungua kwa subira.

Habari kubwa: kaota jino! Moja, la chini. Tutamwita nani sasa? Baba yake anasema jina libaki, jino moja si hoja.

Tumeanza na sisi. Jioni akitoka kazini tunatembea na mtoto mgongoni mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Nimepanda mboga kwenye ndoo zilizotoboka, sita, ziko dirishani. Uji wa mtoto hauna sukari na hajui kwamba ananyimwa.

Kliniki bado. Usinitazame hivyo. Naona hata huku barua yako inanitazama. Nimemwomba nesi aniandikie tarehe ileile ya kwako. Wewe ukitoboa kidole huko, mimi natoboa huku. Ukisema "aah," nitakusikia.

Mwanao,
Chiriku


18 Septemba

Kwako Chiriku,

Salamu, salamu, salamu, na za Mama Vifungo zimo humu, amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, siwezi kuandika lolote kumhusu.

Safari hii sikutumi uzi. Fungua bahasha vizuri. Hicho kitambaa cha maua ndicho kipande cha tatu cha suruali yangu. Nimekifumua mwenyewe, kwa wembe, polepole, na nikaziba mshono. Miaka thelathini nimepunguzia watu nguo, yangu nimeipunguza kwa mara ya kwanza. Nilijitoza bei ya mteja mkorofi. Cha mistari kinafuata. Cheusi tukiachie muda.

Jana nimepimwa. Nesi ni yuleyule. Akatazama kimashine, akanitazama, akatazama karatasi ya zamani. Akasema, "Baba, sukari yako imerudi kutoka mpakani."

Nikamwambia, "Binti, imerudi kwa miguu."

Hakucheka mara moja. Alicheka nilipofika mlangoni, nikasikia. Kasema nisije nikajisahau, maana ile njia sukari inaijua. Niendelee vilevile na nirudi kupimwa.

Bi Kimya nimemgeuza tena atazame barabara. Amesamehewa. Wewe vipi? Nilisema "aah" kwa sauti, saa nne kasorobo. Jibu upesi.

Mjomba wako,
Fundi


3 Oktoba

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Sikuisikia "aah" yako, nilikuwa napiga yangu.

Niliingia, Mjomba. Nilipita mizani bila kusimama. Nesi akauliza, "Leo hatumpimi mtoto?" Nikasema leo napimwa mimi. Nikatoa kidole, nikamwazia mama na kile kiatu, kisha nikakuwazia wewe unazungumza na mgongo wa Mama Vifungo, nikacheka, damu ikatoka.

Iko sawa. Haijafika mpakani, haijafunga hata mizigo. Kasema nirudi kila mwaka, nisichoke kutembea, nisiache mboga zangu za ndoo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kliniki nikalia kidogo, kilio chenye sababu safari hii, jirani angejionea.

Kile kiatu usikitupe. Lakini kitoe chini ya cherehani, kiweke juu ya rafu, kikuone unavyopungua.

Kitambaa chako cha maua nimepata kazi yake. Kibogoyo, ambaye sasa ana meno mawili na bado ni Kibogoyo, amejifunza kutambaa kwenda mbele na ametoboa suruali yake matakoni kwa kujiburuza akiwa amekaa. Nimeshona kipande chako hapohapo. Mishono yangu utaicheka, lakini imeshika.

Sasa hivi ninavyoandika anatoka jikoni anaelekea mlangoni, kasi ya ajabu. Namtazama kwa nyuma, naona kiuno chako cha zamani kinakwenda mbele yangu, Mjomba. Kwa wiki moja kimetembea kuliko miaka yote kilipokuwa kwako.

Acha nimfuate, amefika kizingitini.

Mwanao,
Chiriku